Mlinzi wa Six Bells: yanayosemwa na yaliyotokea

Six Bells ni kijiji cha bondeni, jirani na mji wa Abertillery, kusini mwa Wales. Palipokuwa mgodi wa makaa ya mawe leo pana miti, majani na njia za kutembelea, na pote panaitwa Parc Arael Griffin. Hapo amesimama mchimbaji wa chuma, kifua wazi, mikono ameinyoosha kando na viganja vikitazama mbele. Anaitwa Mlinzi. Ukipima pamoja na jukwaa lake, anafika mita 20. Mengi husemwa juu yake na juu ya watu anaowakumbuka, wachimbaji 45 waliouawa na mlipuko wa mgodi huo mwaka 1960, na baadhi yanawaonea marehemu.

"Ni sanamu ya Yesu."

Kwa picha ya mbali mtu anaweza kudhani hivyo. Huyu ni mfanyakazi wa shimoni. Msanii Sebastien Boyesen alimuunda kwa vipande vya chuma zaidi ya 20,000, akaacha nafasi kati ya kipande na kipande. Ndiyo maana, ukimtazama kutoka chini, unaona mawingu yakipita ndani ya kifua chake, kama mtu aliyepo na asiyekuwepo. Kwenye jukwaa yamewekwa majina 45. Alizinduliwa Juni 2010, miaka 50 baada ya msiba, na Rowan Williams, askofu mkuu wa Canterbury wakati huo, naye mzaliwa wa Wales.

Wapo pia wanaodai ametelekezwa kwa sababu ana kutu. Kutu hiyo imekusudiwa: chuma cha aina hii hujifunika tabaka la nje la kutu, na tabaka hilo ndilo linalokilinda.

"Walikufa kwa uzembe wao, lazima kuna aliyewasha sigara."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana husemwa upesi kila ajali ya mgodini inapotokea, popote duniani. Asubuhi ya tarehe 28 Juni 1960, wanaume 48 walikuwa kazini katika sehemu ya mgodi iliyoitwa W. Mlipuko uliua 45. Uchunguzi uliona kwamba chanzo kinachoelekea zaidi kilikuwa jiwe gumu lenye madini ya kwatzi (quartz), lililoanguka juu ya boriti ya chuma likatoa cheche. Jiwe tu. Hapakuhitajika kiberiti.

Cheche hiyo ilikuta metheni, gesi inayotoka kwenye mwamba wa makaa yenyewe. Watu hudhani gesi lazima inuke, kwa kuwa ya jikoni hunuka. Ya jikoni hutiwa harufu kiwandani ili ikivuja tuigundue. Metheni ya mgodini haina harufu wala rangi. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, hulipuka.

Baadaye huja vumbi. Bonge la makaa ya mawe ni gumu kuwaka, kwa hiyo wengi hawaamini kwamba vumbi lake ni baruti. Fikiria mashine ya kusaga mahindi, unga umetanda hewani mpaka nyusi za msagaji zimekuwa nyeupe. Hata unga huo, ukiwa mzito hewani ndani ya chumba kilichofungwa, unaweza kulipuka kwa cheche. Mgodini mlipuko wa gesi hutimua vumbi la sakafuni na vumbi hilo hushika moto, kisha moto hukimbia njia hadi njia. Wasiofikiwa na moto hufikiwa na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayobaki nyuma. Ndege wa kanari walioingizwa migodini waliwekwa ili kuonya juu ya sumu hiyo. Kuhusu metheni hawakuwa na la kusema. Metheni ilipimwa kwa taa: gesi ikiwapo, mwali wake ulivaa kofia ya buluu.

"Ni kumbukumbu ya watoto wa Aberfan."

Hapana. Aberfan ni msiba mwingine wa Wales, wa mwaka 1966, pale kifusi cha mgodi kilipoporomokea shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto.

"Baada ya msiba mgodi ulifungwa."

Uliendelea hadi 1988. Wanaume waliozika wenzao walirudi chini ya ardhi ileile kwa miaka mingi, na sioni kama ushujaa wao huo umewahi kusemwa vya kutosha.

"Sasa ni hifadhi ya kijani, yamekwisha."

Juu, ndiyo, ni kijani. Chini, pampu za mgodi zikizimwa, maji hujaa mashimoni, huyeyusha chuma kilichomo kwenye miamba, kisha hutafuta njia ya kutokea yakiwa na rangi ya chungwa. Yakiingia mtoni hufunika kokoto za chini kwa tope, na wadudu wanaoliwa na samaki hukosa pa kuishi. Kwa hiyo Six Bells maji ya mgodi bado yanavutwa kwa pampu, yanatuamishwa kwenye mabwawa, kisha yanapitishwa polepole katikati ya matete ili chuma kibaki humo, kabla ya kuachiwa yaende mto Ebbw Fach.