Gesi Tumboni Si Lazima Iwe Amiba

Mtu anakula githeri mchana kibandani, jioni tumbo limejaa na linanguruma. Hapa Nairobi wengi huamua papo hapo kwamba ni amiba au vidonda vya tumbo, kisha hupitia duka la dawa kununua antibiotiki bila kupimwa. Sisi tunaohudumia wagonjwa wa tumbo hili linatusikitisha, maana mara nyingi gesi hiyo si ugonjwa, na dawa hizo huua hata bakteria wa manufaa.

Maharagwe yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo hufika nzima kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha. Hapo hutoka haidrojeni na kaboni dioksidi, pamoja na butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Yaani kazi inayokuletea gesi ndiyo hiyohiyo inayoulisha utumbo wako. Kujamba mara 10 hadi 20 kwa siku ni kawaida kabisa.

Gesi ya metheni ni habari nyingine. Hutengenezwa na vijidudu viitwavyo akea, hasa Methanobrevibacter smithii, ambavyo hutumia haidrojeni ya bakteria. Metheni haina harufu, lakini hupunguza mwendo wa utumbo, na wenye metheni nyingi mara kwa mara hulalamikia choo kigumu. Harufu huletwa na gesi za salfa, ambazo hazifiki hata asilimia 1 ya gesi yote.

Kama tumbo hujaa kila ukinywa chai ya maziwa, huenda mwili wako haumudu laktosi, yaani sukari ya maziwa. Jaribu mala, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Hospitali zenye kifaa hupima haidrojeni na metheni kwenye pumzi, baada ya mgonjwa kunywa maji yenye sukari maalumu.

Maharagwe usiyaache, tafadhali. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yapike kwa maji mapya, na kama hujayazoea anza na kiasi kidogo.

Lakini ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, unatapika mfululizo, au maumivu yanakuamsha usiku, nenda hospitali ukapimwe. Hapo usisubiri.