Anayekuletea mteja amekukopesha jina lake: dhana potofu kuhusu koneksheni za biashara

Niliwahi kumpa rafiki yangu jina la fundi niliyemwamini. Fundi akapokea malipo ya awali, kisha akapotea wiki mbili bila kupokea simu. Aliyepigiwa simu kila asubuhi akitakiwa maelezo nilikuwa mimi. Kazi fundi yule anaijua, na mpaka leo naamini hivyo, lakini jina lake halijatoka tena kinywani mwangu.

Mtu anayekuelekezea mteja amekukopesha jina lake. Ukifanya vizuri mnagawana sifa. Ukiharibu, lawama zinamfikia yeye kabla hazijakufikia wewe. Karibu kila dhana potofu ninayoisikia kuhusu kujuana kibiashara inatokana na kulisahau deni hilo.

Dhana: Ukijuana na watu wengi, wateja watafuata

Wapo wanaorudi na kadi arobaini kutoka kwenye mkutano mmoja wakaona wamevuna. Mwanaanthropolojia Mwingereza Robin Dunbar, alipolinganisha ukubwa wa ubongo na wa makundi ya nyani mwaka 1992, alikadiria kwamba binadamu anaweza kudumisha uhusiano wa kweli na watu wapatao 150. Idadi hiyo inabishaniwa na watafiti wengine, lakini mwenye simu yenye majina elfu mbili anajua mwenyewe ni wangapi kati yao wangemtambua kwa sauti.

Swali la maana zaidi ni je, wanaokufahamu wanaweza kueleza unachofanya? Jaribu hili: waulize watu watano, mmoja mmoja, "Mtu akihitaji huduma yangu, ungemwambia nafanya nini?" Ukijibiwa "anafanya mambo ya kompyuta" au "yuko kwenye ujenzi," umepata sababu ya simu kutolia. Hawakunyimi wateja. Wateja wako wanapita mbele yao na wao hawawatambui.

Dhana: Watakaokupa kazi ni ndugu na marafiki wa karibu

Fimbo ya mbali haiui nyoka, tumeambiwa tangu utotoni, na kwenye shida nyingi ni kweli. Kwenye kutafuta nafasi mpya mambo huenda kinyume. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya mahojiano na wataalamu na mameneja waliokuwa wamebadilisha kazi huko Newton, kitongoji cha Boston nchini Marekani. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara chache, na asilimia 27.8 kwa nadra, yaani mara moja kwa mwaka au chini ya hapo.

Sababu ni rahisi ukiitafakari. Rafiki yako wa karibu anajuana na watu unaojuana nao, na habari anazosikia umeshazisikia. Mtu mliyefanya naye kazi miaka iliyopita, au mzazi mwenzako shuleni mnayesalimiana tu, anaishi katikati ya watu wengine kabisa. Kwake ndiko kuna habari ambazo hazijakufikia.

Mwaka 2022 watafiti walilipima jambo hili kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa intaneti wa watu wa kazi na biashara, katika kipindi cha miaka mitano. Waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya walikuwa wale wenye uhusiano wa wastani: si wa kindakindaki, wala si wale ambao hamna kabisa cha kuwaunganisha. Tafiti hizi zinahusu ajira, si wateja, na tofauti ipo. Lakini njia ya habari kutoka kikundi kimoja cha watu kwenda kingine ni ileile.

Hapa nina langu la kuongeza. Habari hutoka mbali, ila dhamana hutoka kwa aliyeiona kazi yako. Mfahamiano wa mbali atakwambia kuna kampuni inahama ofisi na inahitaji mtu wa samani. Hawezi kukuapia. Ukipata habari kutoka kwake, tafuta mteja wako wa zamani anayeweza kuzungumza na upande ule. Watu wawili wa aina mbili wanafanya kazi mbili tofauti, na wafanyabiashara wengi wanachoka kwa sababu wanataka mtu mmoja afanye zote.

Na msiwatupe mliopoteana nao. Usiache mbachao kwa msala upitao. Daniel Levin na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2011 ambapo mameneja waliombwa kuwarudia watu ambao hawakuwa wamewasiliana nao kwa miaka kadhaa na kuwaomba ushauri wa kazi. Ushauri waliopata ulikuwa na mambo mapya mengi kuliko ule wa watu wa kila siku, huku kuaminiana kwa zamani kukiwa bado kupo. Wengi tunaona aibu kuanza ujumbe baada ya kimya kirefu. Anza tu kwa kukiri kimya chenyewe, uulize hali, na ombi lako lisubiri mazungumzo yajayo.

Dhana: Hafla ndiyo mahali pa kuuza

Watafiti Paul Ingram na Michael Morris walifuatilia hafla ya wafanyabiashara kwa vifaa vya kielektroniki vilivyorekodi nani amesimama na nani. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Wageni walikuwa wamesema wanakwenda kukutana na watu wapya. Walipofika, karibu nusu ya muda wao wakaitumia na waliokuwa wakiwafahamu tayari.

Nami sioni hilo kuwa dhambi. Rafiki uliyemkuta pale ndiye anayeweza kukushika mkono na kukutambulisha kwa mtu wa tatu, na utambulisho wa namna hiyo unazidi kujitambulisha mwenyewe mara kumi. Kinachoharibu ni kuanza kuuza bidhaa kwa mtu ambaye hata jina lake hujalishika. Uliza maswali. Kesho yake tuma ujumbe mfupi unaotaja jambo mlilozungumza, si ule uliowatumia watu wote thelathini.

Dhana: Hii ni kazi ya wachangamfu

Mwanasaikolojia Adam Grant aliwapima wauzaji 340 katika utafiti wa mwaka 2013, na walioingiza mapato makubwa zaidi walikuwa wa katikati, si waongeaji sana wala wakimya sana. Mtu mkimya anayesikiliza na kukumbuka amepewa nusu ya kinachohitajika.

Dhana: Chema chajiuza, huna haja ya kuomba

Methali hii imewalaza njaa mafundi wazuri wengi. Kazi njema inajiuza kwa anayeiona tu. Mteja wako aliyeridhika ana mambo yake. Anarudi nyumbani akiwa na furaha na wewe, na wiki moja baadaye anawaza mengine. Hajakusahau kwa ubaya. Hakuna aliyemwambia kwamba una nafasi ya kuchukua kazi nyingine. Tena ukionekana una shughuli nyingi, anaweza kudhani anakuongezea mzigo.

Basi omba, na uombe kwa namna inayobebeka. "Ukimpata mtu yeyote nikumbuke" haisaidii, kwa sababu hakuna anayefahamiana na "mtu yeyote." Mhasibu akisema, "Natafuta mwenye biashara aliyeajiri watu kwa mara ya kwanza na hajui taratibu za kodi ya mishahara," msikilizaji anaona sura ya mtu papo hapo. Wakati mzuri ni pale mteja anapokusifia mwenyewe, kazi ikiwa bado mbele ya macho yake. Mwandikie na maneno mawili matatu anayoweza kumtumia mwenzake bila kuhangaika. Na mpe nafasi ya kukataa: "Kama hujisikii huru kunitaja, hakuna neno."

Asiyewahi kuiona kazi yako usimwombe hilo. Mwombe ushauri, mwombe habari, lakini jina lake muachie.

Dhana: Watu wanakuletea wateja kwa sababu ya kamisheni

Mkono mtupu haulambwi, ndiyo, na zawadi peke yake haiharibu kitu. Utafiti wa mwaka 2011 ulifuatilia wateja wapatao 10,000 wa benki moja ya Ujerumani iliyokuwa ikiwatuza walioleta wenzao. Wateja walioletwa waliiletea benki thamani ya angalau asilimia 16 zaidi ya wale waliokuja wenyewe, na walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuondoka. Sehemu ya sababu ni kwamba mtu humleta anayefanana naye, anayejua huduma itamfaa.

Kinachovunja uaminifu ni kamisheni ya kificho. Mteja akigundua baadaye kwamba sifa alizoambiwa zililipiwa, mnampoteza nyote wawili. Katika nchi nyingi taaluma kama udaktari na uwakili zimewekewa masharti makali juu ya malipo ya kuelekezana wateja, na zingine zimeyakataza kabisa. Ulizia kanuni za taaluma yako kabla ya kuahidi chochote. Pale inaporuhusiwa, mteja naye ajue.

Dhana: Nimekupa mmoja, nipe mmoja

Klabu ya Rotary ilipoanza Chicago, Marekani, mwaka 1905, wanachama wake wa mwanzo walipeana biashara wao kwa wao, kabla lengo halijahamia kwenye huduma kwa jamii. BNI, mtandao wa vikundi vya wafanyabiashara ulioanzishwa na Ivan Misner mwaka 1985, umejengwa juu ya kuelekezana wateja, na kila kundi linachukua mtu mmoja wa kila taaluma ili wasigombanie. Mipango hiyo inasaidia wengi. Lakini hesabu ya mmoja kwa mmoja haiendani na jinsi biashara zilivyopangwa.

Tazama mchora ramani za nyumba na fundi umeme. Kila mteja wa mchoraji atahitaji umeme. Fundi umeme kwa kawaida anamkuta mteja ambaye ramani anayo tayari. Wateja watatiririka upande mmoja daima, na fundi akijaribu kulipa kwa kichwa atashindwa au ataanza kuleta watu wasiofaa. Analipa kwa njia nyingine: anaona kosa kwenye mchoro na kumnong'oneza mchoraji kabla halijawa gharama, anafika kwa wakati, anamfanya mchoraji aonekane amechagua vizuri mbele ya mteja.

Na anatoa mrejesho. Siku unayopewa jina la mteja, mjulishe aliyekupa kwamba umeshampigia. Mkikubaliana mwambie, msipokubaliana mwambie pia. Mambo yakiharibika, asikie kutoka kwako kabla ya kusikia kwa mteja. Fundi yule wa kwangu angenipigia simu siku ya kwanza ya kuchelewa, hata kama hakuwa na jibu, ningeweza kumtetea. Miezi miwili baadaye jirani aliniuliza kama namfahamu fundi mzuri, nikamwambia simfahamu.