Betri mpya ya kompyuta haihitaji kulazwa kwenye chaji usiku kucha

Malalamiko tunayopokea dawatini kuhusu betri za kompyuta mpakato yanazidi kuongezeka, na mengi yanafanana: kompyuta haijamaliza hata mwaka, lakini ukichomoa waya inazimika baada ya dakika chache. Tunapomhoji mwenye kompyuta tunakuta alifuata kwa uaminifu kila alichoambiwa siku ya kununua. Hatumlaumu. Tunaandika ili anayenunua kesho asiambiwe yale yale.

Anachoambiwa ni hiki: kabla ya kuiwasha, ichaji kwa muda wa saa 8, wengine husema 12; kisha itumie mpaka ijizime yenyewe, uchaji tena, urudie mara tatu ili betri "izoee". Ushauri huo ulikuwa na msingi wake enzi za betri za nikeli na kadimiamu. Zile kweli, ukizichaji kila mara kabla hazijaisha, zilianza kutoa chaji pungufu. Lakini betri za lithiamu zinazochajika, zile zinazoitwa lithiamu-ioni, zimeuzwa tangu mwaka 1991, Sony ilipozitoa sokoni, na wanasayansi waliozifanikisha, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ni zaidi ya miaka 30, na bado mtu mwenye betri ya lithiamu anapewa masharti ya nikeli. Tafadhali, tuyaache.

Betri ya lithiamu ina saketi yake inayoilinda. Seli ikifika kiwango chake cha juu, ambacho kwa nyingi ni takriban volti 4.2, chaji inakatwa. Saa zinazofuata haziongezi kitu. Wapo pia wanaorudisha betri ya akiba dukani kwa sababu wameifungua na kuikuta haijajaa, wakidhani imetumika. Haijatumika. Kanuni za usafirishaji wa mizigo kwa ndege zinataka betri ya lithiamu inayosafirishwa peke yake isizidi asilimia 30 ya chaji. Iweke kwenye chaji, ijae, uanze kazi.

Kinachoiua betri ni joto, na joto likikutana na betri iliyojaa asilimia 100 madhara yanakuwa makubwa zaidi. Mama mmoja alituletea kompyuta akilalamika kwamba kipanya cha kugusa kimegoma kubofyeka. Tulipoiweka mezani ilikuwa inayumba kama sahani yenye kitako cha mviringo. Tulipofungua kifuniko cha chini tukakuta betri imevimba na kukisukuma kipanya kutoka chini. Seli zilikuwa zimetuna kama mkate. Alikuwa akiitumia kitandani, juu ya blanketi, waya ukiwa umechomekwa usiku na mchana. Blanketi liliziba matundu ya hewa, feni ikazunguka bila kupata hewa ya kuvuta, na betri iliyojaa ikakaa kwenye joto hilo miezi na miezi.

Kwa hiyo tumia kompyuta juu ya kitu kigumu. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Kama kazi zako ni za mezani na waya hautoki, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuweka kikomo cha chaji. Watengenezaji wengi wameiweka, na kikomo cha asilimia 80 kinafaa sana. Kwa wanaotembea nayo, kuchaji kidogo kidogo hakuna ubaya wowote. Ukitumia nusu leo ukachaji, na nusu kesho ukachaji, betri inahesabu mzunguko mmoja tu, yaani sawa na kuitumia yote na kuijaza mara moja. Kuimaliza hadi sifuri kila siku ndiko kunakoichosha. Ukienda likizo ndefu, iache ikiwa na karibu nusu, imezimwa, mahali penye ubaridi wa kawaida. Betri iliyoachwa tupu kwa miezi inaweza kushuka chini ya kiwango ambacho saketi inakubali kuichaji tena.

Sasa utaratibu wa kupima, kwa sababu wengi wanakuja na neno "imekufa" bila kipimo chochote. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Mfumo utakuonyesha mahali ulipohifadhi ripoti. Ifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, yaani uwezo wake wa sasa ikijaa. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Kama cha kwanza ni 50,000 na cha pili ni 41,000, betri yako ina asilimia 82. Hiyo si betri mbovu, ni betri iliyotumika. Chapisha ripoti hiyo uje nayo, pamoja na risiti, chaja unayotumia na namba ya kompyuta iliyo chini yake. Bila risiti tarehe ya kununua haithibitiki, na dai linakwama hapo.

Soma karatasi ya dhamana kabla hujafika kwetu. Watengenezaji wengi huipa betri dhamana fupi kuliko ya kompyuta yenyewe, kwa sababu wanaihesabu kuwa kifaa kinachochakaa kwa matumizi. Kupungua kwa kawaida mara nyingi hakulipwi. Kasoro ya kiwandani hulipwa. Kompyuta iliyofunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, au iliyochomwa na chaja isiyo yake, inaweza kupoteza haki hiyo yote, na hapo hatuna uwezo wa kumlazimisha mtengenezaji.

Kwa wasafiri: betri ya akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100, kipimo cha nishati ambayo betri inaweza kubeba. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na usizidishe betri mbili za akiba za ukubwa huo. Kama lebo haionyeshi wati-saa, zidisha volti kwa ampea-saa: volti 11.1 mara ampea-saa 4.4 ni 48.84, unapita. Funika ncha za chuma za betri kwa utepe visigusane na funguo au sarafu. Ukikiuka, betri huzuiwa ukaguzini, na si lazima urudishiwe.

Betri iliyovimba hairuhusiwi ndani ya ndege hata kidogo. Ukiiona imevimba, zima kompyuta, chomoa chaja, usiichaji tena. Usiitoboe "itoe hewa", maana gesi iliyomo inawaka na seli zikigusana ndani moto huanza ghafla. Tumeshapokea mezani kompyuta zenye alama ya bisibisi, na hilo linatusikitisha sana. Usiitupe kwenye takataka za nyumbani, kwa sababu gari la taka huzibana, na nchi nyingi zimeweka faini kwa kosa hilo. Iweke juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na mapazia na watoto, kisha ipeleke kwenye kituo kinachopokea taka za kielektroniki, na mwambie anayeipokea, kabla hajaishika, kwamba imevimba.