Namba ya kifungu imehama, kosa liko palepale

Tangu Toleo la Urekebu la Sheria la Mwaka 2023, yaani sheria za nchi zilizosafishwa na kuchapishwa upya, lianze kutumika tarehe 1 Julai 2025, swali hili halikauki kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mtwara: "Wakili, kijana wetu kashtakiwa kwa kifungu ambacho kwenye kitabu kipya kinazungumzia mambo mengine kabisa. Si aachiwe?" Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina faida zaidi, maana ndani yake mna haki ambazo mshtakiwa anazo kweli na wengi hawazidai.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tumeirithi kwa Mwingereza, na tangu hapo imefutwa huku na kuongezwa kule. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mfano, ulipewa kifungu chake mwaka 2004. Kwa kuwa 287 na 288 zilikuwa na wenyewe, ikabidi kiitwe 287A. Miaka ikienda, herufi za namna hiyo huwa nyingi, vifungu vilivyofutwa huacha mapengo, na vingine hubaki vikitaja sheria zisizokuwepo tena. Kusafisha hayo ndiyo kazi ya urekebu. Sheria ya Urekebu wa Sheria, Sura ya 4, inamruhusu Mwanasheria Mkuu wa Serikali kusahihisha makosa ya uchapaji na ya sarufi, kupanga namba upya na kuondoa kilichokwisha kufutwa. Kubadili maana hawezi. Hawezi kuongeza hata mwezi mmoja wa kifungo wala kuanzisha kosa jipya. Hayo ni ya Bunge.

Lakini udogo wa sahihisho haupimwi kwa idadi ya herufi. Chukua adhabu iliyoandikwa "faini au kifungo". Ukiweka "na" mahali pa "au", hakimu aliyekuwa na uwezo wa kumtoza mtu faini akaenda zake nyumbani, sasa hana budi kumfunga. Badiliko kama hilo lazima lipite kwenye muswada, hata aliyeliandika akiliita marekebisho madogo.

Na kwa maoni yangu, Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ndio unaostahili kusomwa kwa jicho kali kuliko yote, ingawa jina lake linachosha. Ni kapu: sheria nyingi zisizohusiana huwekwa pamoja, na jambo zito linaweza kukaa jirani na nukta iliyosahaulika. Mwaka 2019 muswada mmoja wa aina hiyo uligusa kwa pamoja sheria ya makampuni, ya asasi zisizo za kiserikali na ya takwimu, tena kwa hati ya dharura, yaani kwa utaratibu wa haraka kuliko kawaida. Miswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali, na kamati za Bunge hupokea maoni ya wananchi. Newala na Dodoma ni mbali, ila maoni ya maandishi hayadai nauli.

Turudi kwa kijana wenu. Tuseme ghala la chama cha msingi cha ushirika huko Tandahimba lilivunjwa Novemba 2024, katikati ya msimu, yakatoweka magunia ya korosho. Akashtakiwa kwa kuvunja ghala, kifungu cha 296, na kwa wizi, vifungu vya 258 na 265. Kesi ikaanza kusikilizwa baada ya Julai 2025. Hata kama namba zingesogea zote, tendo lake linapimwa kwa sheria iliyokuwapo usiku ule ghala lilipovunjwa. Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo alipolitenda halikuwa kosa, na inakataza kumpa adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo wakati huo. Basi kitabu kipya hakiwezi kumwongezea, na hakimwachii huru.

Namba ikikosewa kwenye hati ya mashtaka je? Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, ikiwa imekaa hapa hapa Mtwara, iliiona hati ya kesi ya ubakaji iliyoacha kutaja vifungu vinavyohusika na kutaja visivyohusika. Majaji wakaona kasoro hiyo inatibika, kwa kuwa maelezo ya kosa, pamoja na ushahidi wa mwathirika, yalimfanya mrufani, yaani mshtakiwa aliyekata rufaa, aelewe anashtakiwa nini na kosa lina uzito gani. Kwa hiyo mkipata nakala ya hati, acheni kwanza tarakimu, someni sehemu iliyoandikwa "maelezo ya kosa": nani, lini, wapi, alifanya nini, kwa mali ya nani. Pengo likiwa hapo, hoja ipo.

Na msiikagulie hati kwa vitabu vya kudurufu vinavyouzwa steshenari. Vingi ni vya matoleo ya nyuma. Sheria zinapatikana bure kwenye TanzLII, hifadhi ya mtandaoni ya sheria na hukumu za Tanzania, na kwenye tovuti ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tazameni mwaka wa toleo kabla ya kutazama kifungu.

Kesi ikiwa inaendelea, mwendesha mashtaka anaweza kuomba hati irekebishwe. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20, inaruhusu hilo katika kifungu cha 234, kwa namba za toleo la 2022. Hapo ndipo watu hupoteza haki yao kimyakimya. Hati ikibadilishwa, mshtakiwa lazima asomewe upya na aulizwe upya kama anakiri au anakana, na anaweza kuomba mashahidi waliokwishatoa ushahidi waitwe tena ili awahoji. Asiye na wakili aombe mwenyewe, palepale mahakamani, na ahakikishe ombi lake limeandikwa kwenye mwenendo wa kesi.