Beta wako hana upweke, acha kumtafutia mwenza

Juzi tena, habari ya beta, yule samaki wa kupigana ambaye wengi mnamwita faita. Meseji ya saa tano usiku: "Kaka, faita wangu yuko mpweke, nimuongezee nani?" Nikaweka simu pembeni, nikasema hii sasa naiandika mara moja, maana kuijibu kwa mmoja mmoja nimechoka.

Beta hana upweke jamani. Kwao Thailand anaishi kwenye maji ya kina kifupi yaliyojaa majani, mabwawani na kwenye mashamba ya mpunga, kila dume na eneo lake, mwenzake akisogea wanakunjana mashati. Na huyu wa kwako wa dukani ametokana na wale ambao watu waliwachagua kwa ukali wakawazalisha ili wapigane, vizazi na vizazi, halafu wewe unamkuta katulia chini ya jani unasema ana mawazo. Mawazo gani? Kapumzika tu. Ila kama analala chini kutwa nzima, mapezi kayabana, chakula hagusi, hapo tatizo ni maji, pima amonia (sumu inayotokana na kinyesi chake), angalia joto liko 24 hadi 28, usialike wageni kwenye nyumba inayoungua.

Sasa kinachonipandisha presha ni hiki. Mtu huyohuyo mwenye huruma anaenda kununua kori (corydoras, samaki mdogo wa kukaa chini) mmoja. MMOJA. Eti wa kusafisha. Kori ndiye samaki wa kundi, anataka wenzake watano sita hivi na kuendelea, akiwa peke yake ndiye atajibanza nyuma ya filta muda wote na wewe utatuambia "wangu mpole sana". Yaani umemtibu asiyeumwa ukamuuguza mzima. Na kusafisha hasafishi, mavi ya beta hali, anataka chakula chake kinachozama, anataka mchanga laini kwa sababu anatafuta riziki kwa sharubu na kokoto zenye ncha zinazimaliza. Ukija kwangu na tenki la lita 20 unataka kori sikuuzii, nenda kwingine. Kuanzia lita 60 tunaongea. Na usiniambie "mbona beta anaishi kwenye dimbwi", wa kwenye dimbwi ni wa kwetu huku, Nothobranchius, dimbwi likikauka anakufa mayai yanabaki kwenye tope yanasubiri mvua. Beta hana huo ujanja.

Samaki wengine wa kumuwekea beta, haraka haraka. Goldifishi hapana, anapenda maji ya baridi na anakunya kama ng'ombe. Gapi dume na ule mkia wa sherehe, beta anaona dume mwenzake kaja kumtambia. Taiga babu (tiger barb) atamchana mapezi. Gurami ni ukoo mmoja na beta, na wanagombana kama ndugu wa mirathi. Pleko wa kawaida anapita sentimita 30, utamlaza wapi? Rasbora, visamaki vidogo vya kundi, sita au zaidi sawa, konokono sawa, uduvi sawa ila ujue unaweza kuwa umenunua mboga.

Na hiyo "sawa" yangu usiishike kama hati ya kiwanja. Nimewahi kuwa na beta wawili tumbo moja, mmoja kakaa na rasbora miezi minane bila neno, wa pili kamng'ata konokono pembe siku ya kwanza. Zamani nilikuwa nawapima kwa kioo, akitanua mashavu sana nasema huyu mkorofi. Aliyetanua kuliko wote hakumgusa mtu, na yule aliyekiangalia kioo kama hakipo alimaliza uduvi wangu wote usiku mmoja. Kioo nikaacha. Siku hizi natanguliza wageni, beta anaingia mwisho asije akajiona mwenye nyumba, na chombo cha pembeni kiko tayari kabla sijamfungulia. Mara nyingi inasaidia, mara nyingine wapi. Beta majike kundi zima nimejaribu mara mbili, miezi ya mwanzo raha tupu, halafu asubuhi moja unakuta mmoja kachanwa vibaya, na mpaka leo sijui nilikosea mimi au ndivyo walivyo.

Yule wa juzi nilimuuliza maji yana joto gani. Akapima, 19, na Arusha hii ya Julai. Hita alikuwa ameichomoa achaji simu.