Msitu wa Mau Unaliwa Ndani kwa Ndani

Ukipanda barabara ya Njoro kuelekea Mau Narok, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, au ukitoka Molo kwenda Elburgon, macho yatakuambia kwamba milima bado imevaa kijani na hakuna la kuogopa. Sisi wa elimu ya misitu tunakuomba usiridhike na hapo. Msitu wa mlimani unaweza kubaki kijani kwa miaka mingi baada ya kuacha kufanya kazi ya msitu, na mengi yanayobadilika Mau siku hizi yanabadilika chini ya majani, mahali ambapo picha ya setilaiti haifiki vizuri.

Yaliyo wazi wengi mnayajua. Mau ina zaidi ya hekta 400,000, na mito yake inatawanyika pande zote: Njoro, Makalia na Nderit inashuka Ziwa Nakuru, Molo unakwenda Baringo, Sondu na Mara inaishia Ziwa Victoria, Ewaso Ng'iro ya Kusini inavuka mpaka hadi Natron. Mwaka 2001 serikali ilitoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kwa makazi, zaidi ya nusu ya sehemu hiyo, na viazi na mahindi vikachukua nafasi ya miti. Habari za watu kuhamishwa miaka iliyofuata zimejaa magazetini, sitazirudia hapa.

Kisichosemwa sana ni hali ya msitu uliosalia. Mwizi wa mbao hakati kila mti. Huchagua. Mtarakwa hutangulia, kwa sababu mchwa hauupendi na nguzo yake ya ua hudumu miaka na miaka ardhini. Podo hufuata kwa mbao. Mzaituni wa mwituni huishia kwenye tanuri la makaa. Na kuna mti ambao Wakalenjin huuita tendwet, kitaalamu Prunus africana, unaobanduliwa gome kwa ajili ya dawa. Gome likibanduliwa kuuzunguka mti mzima, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena kwenye mizizi, na mti hukauka ukiwa wima. Biashara ya kimataifa ya gome hilo imewekewa masharti tangu 1995 chini ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini, lakini panga la usiku haliombi kibali.

Mti mkubwa ukianguka, jua linafika chini na pengo linajazwa upesi na miti laini inayopenda mwanga, kama Neoboutonia yenye majani mapana. Kutoka barabarani utasema msitu umerudi. Ingia ndani utafute miche ya mtarakwa au podo inayofika kiunoni. Ukikuta miti mizee juu na nyasi zilizolishwa chini, bila watoto wowote katikati, huo ni msitu usio na kesho hata kama kila mti uliopo ni mzima. Mara nyingi aliyefanya hivyo si mwenye msumeno bali mifugo: ng'ombe, na kondoo zaidi, hula mche ukiwa bado mwororo, mwaka baada ya mwaka.

Mifugo pia hubadilisha udongo. Kuna kipimo rahisi ambacho shule yoyote ya Njoro au Kuresoi inaweza kujaribu, mradi mwalimu aombe ruhusa ya mlinzi wa msitu. Chukua kopo la bati la mafuta ya kupikia, likate tako ili libaki wazi pande zote mbili, kisha ulididimize kidogo ardhini chini ya miti ambako ng'ombe hawapiti. Mimina maji ndani yake na uhesabu muda hadi yaishe. Rudia kwenye njia ya ng'ombe hatua chache tu kutoka hapo. Mahali pa kwanza kuna majani makavu, chini yake mboji nyeusi, chini yake matundu ya mizizi na minyoo; maji yanazama ukiyatazama. Kwenye njia ya ng'ombe kwato zimeyaziba matundu yale, na maji yanakaa juu kana kwamba umeyamimina kwenye sakafu ya saruji. Mvua ya Aprili inakutana na udongo huohuo. Pale inapozama hushuka hadi chemchemi na kuulisha mto hadi Januari. Pale isipozama hukimbia siku hiyohiyo, ikibeba tope.

Ndiyo maana mto mmoja unaweza kufurika Mei na kuwa mkavu Februari. Mto Njoro umekuwa hivyo, na wakazi wa chini yake hawahitaji mtaalamu kuwaeleza. Upande wa Kisumu, Nyando unapokusanya maji ya Londiani na vilima vya Nandi huyamwaga uwanda wa Kano, Ahero ikiwemo, na tope lake huishia Ghuba ya Winam. Mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu, wa megawati 60, hutegemea maji ya mto yanavyokuja, kwa kuwa hauna bwawa kubwa la akiba.

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Ziwa Nakuru lilipopanda kuanzia mwaka 2010 hivi na kumeza lango la mbuga, wengi walisema ni Mau iliyokatwa. Mvua kubwa ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya jambo hilo. Udongo unaomomonyoka na maji yasiyozama yameongezea. Kuulaumu msitu kwa kila kitu huwapa wapinzani wa uhifadhi nafasi ya kutucheka.

Joto nalo lina mkono wake. Mimea ya milimani inayoishi kwenye ukungu, pamoja na mianzi, hupenda baridi, na hali ikiwa ya joto hupanda mlima polepole. Mlima Elgon una nafasi juu, unafika mita 4,321. Mau inaishia karibu na mita 3,000, kwa hiyo mianzi yake haina pa kukimbilia.

Sasa tuje kwenye hesabu. Katiba, kifungu cha 69, inataka angalau asilimia 10 ya nchi ifunikwe na miti. Tathmini ya taifa ya 2021 ilipata asilimia 12.13 kwa miti na asilimia 8.83 kwa misitu. Tofauti hiyo ni mikaratusi ya mashambani, miembe ya uani, ua wa misonobari. Ni miti mizuri, na mashamba ya saipresi ya Elburgon yanalisha viwanda vya mbao na kuupunguzia msitu wa asili mzigo. Ila hakuna mto uliozaliwa kwenye ua wa misonobari. Kampeni ya miti bilioni 15 ifikapo 2032 itaweza kufikisha idadi bila kurudisha chemchemi hata moja, kama miche itapandwa popote palipo rahisi.

Msimamo wangu ni kwamba kabla ya kupanda, tulinde. Eneo lililo karibu na msitu mzee lina mbegu ardhini na ndege wa kuzileta. Likifungiwa mifugo hujirudisha lenyewe, tena kwa miti ya mahali hapo. Wa kulinda wapo. Waogiek, jamii ya asili ya msitu huu, wametundika mizinga ya mtarakwa Mau tangu zamani, na mfugaji wa nyuki hana faida na mti uliokatwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilipoamua kesi yao Mei 2017, haikukubali hoja ya serikali kwamba kuwafukuza kulikuwa kwa lazima ili kuhifadhi msitu. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu wanakijiji kuunda jumuiya ya msitu na kutia saini makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS) kuhusu kuni, malisho na mizinga. Palipo na jumuiya hai, jambo la kwanza la kujadili ni ratiba ya malisho: kipande gani kifungwe, kwa miaka mingapi, na ng'ombe waende wapi wakati huo. Bila jibu la swali hilo la mwisho, uzio wowote utakatwa.

Ukitaka kupanda hata hivyo, nenda kitalu cha karibu mvua za Machi zikianza, na utaje mti kwa jina: mtarakwa, podo, tendwet. Ukingoni mwa mto uliza mianzi, na mikaratusi ipeleke mbali na maji.