Saa za kuuza pombe: akili ya asubuhi na akili ya usiku

Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa akifanya manunuzi ya wiki nzima asubuhi mapema, kabla saa ya kuuza pombe haijafika. Si kwamba alipenda kurauka. Saa hizo rafu za vileo zilikuwa zimefunikwa kwa pazia la plastiki lililofungwa na kufuli dogo, na hata mtu angechomoa chupa kwa pembeni, mashine ya keshia isingeikubali. Aliniambia hupita mbele ya lile pazia ameshika mpini wa toroli kwa mikono yote miwili, macho yake kwenye karatasi ya orodha, na akishalipa ndipo anashusha pumzi. Alikuwa na miezi mitano bila kunywa.

Sasa mweke pembeni yake mteja mwingine, muuguzi anayetoka zamu ya usiku. Jioni ana wageni. Amejaza kikapu chake, anataka na bia sita amalize safari, akalale. Anaambiwa arudi saa mbili baadaye. Hajalewa, wala hana ugomvi na mtu, na amefanya kazi usiku kucha akiuguza wengine. Akiniuliza kosa lake ni lipi, sina la kumjibu, maana hana kosa.

Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa watu wanaoacha pombe, na kila sheria ya vileo inapoguswa watu huniuliza niko upande wa nani kati ya hao wawili. Wanadhani nitataka kila kitu kifungwe. Sitaki. Ila nadhani mjadala wenyewe huanzia mahali pabaya, kwa sababu tunazungumza kana kwamba kuna watu wa aina mbili duniani, wanaojiweza na wasiojiweza, na sheria inawatesa wa kwanza kwa ajili ya wa pili. Ninachokiona mimi kila wiki ni mtu yule yule mmoja akiwa na akili mbili: ya asubuhi, na ya usiku baada ya glasi ya tatu.

Pombe huanza kazi yake kwenye sehemu ya ubongo inayopima matokeo na kujizuia. Yaani kile unachohitaji ili uamue kuacha, ndicho kinacholegea mwanzo. Kwa hiyo tunapomwambia mtu awajibike, ni haki tuulize: awajibike saa ngapi? Saa 10 jioni anaweza kuamua kwamba leo chupa moja inatosha. Saa 5 usiku chupa ikiisha, anayeamua kama atafuata ya pili ni mtu aliyekwisha kunywa ya kwanza. Duka likiwa wazi hatua hamsini kutoka mlangoni, uamuzi wa jioni hauna mtetezi.

Jambo la pili ni hamu. Wengi wanadhani hamu ya pombe ikishapanda itaendelea kupanda hadi inywewe. Sivyo. Kwa kawaida hupanda, ikafika kileleni, kisha ikashuka yenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa au pungufu. Ndiyo maana tunawafundisha watu kuisubiri ipite: piga simu, oga, tembea, kula kitu. Mlango wa duka uliofungwa humpa mtu nusu saa ile bila kumwomba nguvu ambazo hana.

Ushahidi wa nchi mbalimbali unakubaliana na hili, ingawa si kwa namna wanayopenda wanasiasa wa upande wowote. Mfano mzito zaidi ni Ufini. Hadi mwisho wa mwaka 1968, bia ya nguvu ya kati ya kununua dukani ilipatikana kwenye maduka ya shirika la serikali, Alko, ambayo vijijini hayakuwepo. Januari 1969 ikaruhusiwa kwenye maduka ya vyakula na mikahawa. Mwaka ule mmoja unywaji wa pombe nchini ulipanda kwa asilimia 46. Wafini hawakupoteza maadili yao usiku mmoja. Kilichobadilika ni umbali kati ya mkono na chupa.

Lakini tazama Uswidi. Maduka ya Systembolaget, ambayo ni ya serikali, yalikuwa yakifungwa Jumamosi. Mwaka 2000 baadhi ya mikoa ikajaribu kuyafungua siku hiyo, na mwaka 2001 ikawa nchi nzima. Mauzo yaliongezeka, karibu asilimia 4, lakini watafiti hawakuona ongezeko la wazi la kesi za watu kupigwa. Mimi hapo nilijifunza jambo: kumfungulia mtu anayenunua Jumamosi mchana akiwa na kikapu cha wiki si sawa na kumfungulia anayekuja usiku wa manane akiyumba. Sheria nyingi hazitofautishi hao wawili. Zinafunga Jumapili asubuhi kwa sababu tu siku zote ilifungwa, na kumbe saa zenye madhara ni nyingine kabisa.

Jimbo la Baden-Württemberg, Ujerumani, lililenga saa zenyewe. Mwaka 2010 lilipiga marufuku maduka na vituo vya mafuta kuuza vileo kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Baa hazikuguswa. Mchana hakukuguswa. Watafiti waliofuatilia waligundua kwamba vijana waliolazwa hospitali kwa kulewa kupita kiasi walipungua kwa takriban asilimia 7. Asilimia hiyo inaweza kuonekana ndogo kwa anayeisoma kwenye karatasi. Mimi nimewahi kukaa na mzazi aliyeitwa hospitali saa 8 usiku, hajui kama mtoto wake ataamka. Mwishoni mwa 2017 marufuku ile ikaondolewa.

Saa zikipangwa vibaya, sheria huzaa ulevi. New Zealand ilifunga baa zake saa 12 jioni kuanzia mwaka 1917 hadi 1967. Wanaume walitoka kazini saa 11, wakabaki na saa moja tu, wakanywa kwa kushindana na saa ya ukutani, kisha wote wakamwagwa barabarani kwa mkupuo. Sheria ilikusudia warudi nyumbani mapema. Walirudi, ila katika hali gani.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu: mraibu hatazuiwa na pazia, atanunua mapema na kuficha. Ni kweli kabisa. Nimeonyeshwa chupa ndani ya mashine ya kufulia, na ndani ya buti la mvua. Aliyefika huko anahitaji matibabu, na ni hatari kumkatia pombe ghafla: anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Ikiwa unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, usiache peke yako; nenda kwa daktari kwanza. Sheria ya saa haikuandikwa kwa ajili ya huyo. Inawafaa walio njiani kuelekea huko, ambao ni wengi zaidi, na inawafaa waliokwisha kurudi, kama yule mama.

Yupo pia mtu ambaye hatajwi kwenye mijadala hii: keshia. Mara nyingi ni kijana, yuko peke yake usiku, na mbele yake amesimama mtu mzima aliyelewa anayedai chupa nyingine. Bila sheria, kukataa ni uamuzi wake binafsi, na matusi yatamwangukia yeye. Pakiwa na sheria anasema, "Samahani, mashine haikubali," na ugomvi mara nyingi unaishia hapo. Tunaposema uwajibikaji binafsi tunamfikiria mnunuzi peke yake, lakini muuzaji naye ana dhamiri, na dhamiri ya mtu anayelipwa mshahara mdogo inahitaji mahali pa kuegemea.

Sisemi kwamba sheria inachukua nafasi ya kujipangia. Wote ninaowaona wakifanikiwa wana kanuni zao: hawaweki chupa ya akiba nyumbani, hawaendi dukani wakiwa na njaa au hasira, wanachagua njia ya kurudi isiyopita baa. Hizo nazo ni sheria za saa na mahali. Tofauti ni kwamba wamejiandikia wenyewe, kwa akili ya asubuhi, ili ziifunge akili ya usiku.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni simu. Pazia na kufuli vilitungwa kwa duka lenye mlango. Programu ya kuagiza haina mlango, inakumbuka chupa uliyonunua mara ya mwisho, na inakutumia punguzo la bei saa zile zile unazopambana. Mleta mzigo anabisha hodi, ana haraka ya oda nyingine, na umri au hali ya anayepokea hana muda nayo. Muuguzi wetu anafaidika nayo sana, na sitaki anyang'anywe. Ningewaomba watunga sheria kitu kimoja tu: oda ya pombe iliyowekwa baada ya saa 4 usiku ipelekwe asubuhi, na hadi muda huo mteja aweze kuifuta kwa kubonyeza mara moja na kurudishiwa pesa zake zote.